Mzee Luseno Mulama na Maua ya Theluji

Wapendwa waombolezaji, kabla sijaikunjua karatasi hii naomba kila mmoja aape moyoni kwamba nitakayosoma yataishia hapa Makongeni, yasipande basi pamoja na jeneza kwenda nyumbani Khayega, na hasa yasifike Donholm, kwa maana huko nina rafiki, na ningependa ayasikie kutoka kwangu. Mkishaapa, sikilizeni, nawaambia yote.

Kaka yangu Luseno Mulama alizaliwa mwaka wa 1934 karibu na soko la Khayega, mwezi hakuna aliyeuandika, ila mama alisema mahindi yalikuwa mabichi, nami Ayuma nikamfuata, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akatoka kwa sababu ya karo au kwa sababu ya kupigana na mwalimu, inategemea unamuuliza nani. Tarehe 3 Machi 1955 aliandikwa na reli hapa Nairobi, kazi ya kufunga mabehewa, akapewa nyumba papa hapa, mwaka wa 1958 akamwoa Asenath, wakajaliwa watoto, wa kwanza akiwa Tobias, na alipostaafu mwaka wa 1989 akawekwa kuwa mzee wa kanisa.

Mwaka wa 1993 alipatikana na ugonjwa wa sukari, daktari akamkataza kila kitu kitamu, Asenath akafungia sukari sandukuni na ufunguo akauvaa shingoni, na kaka akawa anaitazama chai yake kama dawa ya minyoo. Maradhi hayo ndiyo yaliyomwondoa tarehe 8 Oktoba 1998, wodini, usingizini, na kwa kweli tulishusha pumzi, kwa sababu alikuwa ameteseka vya kutosha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maji na viti, na wenzake wa reli ambao hawakumwacha. Shukrani ya mwisho ni ya Triza, mke wa Tobias, ambaye kwa miaka karibu mitatu ameitwa mwizi wa sukari pale mferejini tunapochota maji, akanyamaza kwa sababu tulimsihi, ili mzee wa kanisa asiaibike. Kaka mwenyewe aliniambia akiwa kitandani, "Dada, nikishaenda, sema, nikiwa hai nitaona haya."

Basi nasema. Desemba ya 1995 Asenath aliona picha ya theluji kwenye kadi ya Krismasi, na ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kuiona ikianguka, akaanza kufuma maua yake kwa nyuzi za kushonea midomo ya magunia ya unga, alizookota kwa mwenye duka, na sindano ya kroshia aliyoikunja kutoka spoki kuukuu ya baiskeli, kila ua miguu sita. Ili yasimame, Triza alipimiwa sukari aichemshe na maji hadi iwe nzito, akayachovya, akayabana kwa pini juu ya godoro, yakakauka kama bati, yakatundikwa kwenye tawi la Krismasi pale sebuleni. Lakini kila asubuhi mengine yalikutwa yamelegea kama tambara la kupigia deki, na Asenath akakata shauri kwamba Triza anaficha sukari na kuchovya maua kwenye maji matupu.

"Sukari yangu imeenda kwa mama yako," alimwambia mbele ya mfereji mzima.

"Mama, mama yangu chai yenyewe hanywi," Triza akajibu, wala hakuna aliyemwamini, na nguo zake zikatiwa kwenye mfuko, arudishwe kwao.

Jumapili tarehe 17 akina mama wa kanisa walikuja kumwombea kabla hajaondoka, akapigishwa magoti katikati ya sebule, sote tukafumba macho, Mama Lydiah akaomba kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba mwizi wa nyumba hii afichuliwe, tukasema amina, tukafumbua macho, na kaka yangu alikuwa amesimama kando ya lile tawi, ua zima la theluji mdomoni, miguu miwili ikining'inia kwenye ndevu, ananyonya.

"Baba Tobias," Asenath akasema polepole, "toa hiyo kitu mdomoni."

Akalitoa, limelegea, na aliyecheka wa kwanza, angali amepiga magoti, alikuwa Triza. Nguo zake zikatolewa mfukoni, nasi sote, Mama Lydiah wa kwanza, tukaapa kwamba hayo hayatatoka sebuleni, na mferejini wakabaki na lile la mwizi.

Kaka, lala sasa kwa amani, na wewe Triza, mwanangu, pumzika pia.