Siwezi Kubariki Chuma

Sogeeni karibu, wanangu, Walenty na Marcin, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya kugomba tu, na kesho alfajiri mnakwenda vitani na bunduki zenu.

Walenty, nani alikwambia uchukue shoka langu la mpini mrefu ukabadilishane na hilo bamba la chuma ulilojifunga kifuani? Nilikusikia uani ukijigamba, "Mzee kachanganyikiwa, sisi wapiga bunduki, siyo wakata kuni!" Mjinga wewe! Shoka lile unalikita chini, unalaza bunduki juu yake, unalenga bila mkono kutetemeka. Ukishapiga, mikono yote miwili inahangaika na baruti, risasi na utambi, na hapo ndipo mpanda farasi anapokujia. Utamzuia na nini, na kitambi hicho cha chuma?

Mwenzetu wa vitani Kuba, yule wa kinu cha kusaga unga, alijifunga hivyo hivyo. Kila akilenga, kitako cha bunduki kilimteleza begani. Tulipovuka mto San tukikimbizwa, alijikwaa, akazama, tukauona mkono wake tu. Mimi nilipona kwa sababu mwenzangu Szymko, na miguu yake mibovu, alisimama mbele yangu kila nilipojaza baruti, shoka lake limeelekea kifua cha farasi, akinikaripia, "Jaza, mvivu wewe, nimechoka kukulinda!" Ngao ya mpiga bunduki ni mwenzake.

Shamba la mtoni gawaneni. Ng'ombe ni wa Dorota, mke wa Marcin, na asiguswe na mtu. Ndiye aliyeninywesha supu kijiko kwa kijiko, akiipuliza kwanza. Walenty, mrudishie mchuuzi bamba lake jioni hii hii, ulete shoka. Ni lenu wote wawili: mmoja akijaza, mwingine alishike. Na ugomvi wenu wa mpaka wa bustani uacheni hapa kitandani, nizikwe nao.

Sasa pigeni magoti. Marcin, Mungu akurudishe kwa mkeo. Walenty, lete kifua... Hapana. Baridi hiyo! Siweki baraka yangu ya mwisho juu ya chuma. Fungua mikanda. Marcin, msaidie nduguyo, acha kumcheka... Vua, mwanangu. Fanya haraka.

Haya. Hapo.

Mbona moyo unakwenda mbio hivyo? Kumbe unaogopa... Hata mimi niliogopa. Mungu akulinde hapa... hapa mkono wangu ulipo... ushikilie, usianguke...