Pezi la Benchi la Ambu Icih

Benchi la kibanda cha kahawa cha Ambu Icih pale Legokpandan, kusini mwa Java, lilikuwa la mti wa mfenesi, refu, limeng'arishwa na makalio ya watu wasio na haraka. Asubuhi hiyo lilikuwa limepungua shubiri mbili. Ambu mwenyewe ndiye aliyelikata ncha, kwa sababu mjukuu wake Wida alikuwa ametoka majini na ubao wa mawimbi usio na pezi. Pezi lilibaki kwenye mwamba. Mashindano yalikuwa kesho, ng'ambo ya rasi, na ubao usio na pezi chini ya mkia ni punda bila hatamu. Basi Wida akachuchumaa na tupa, akichonga, na wateja wawili wa kila siku wakakalia benchi lililobaki, wakimfundisha. Mmoja ni Mang Oting, yaani Mjomba Oting, aitwaye Kasa kwa ajili ya shingo yake. Wa pili ni Mang Dadan, aitwaye Injinia tangu alipoifungua pampu ya kijiji, akaifunga, akabakiza skrubu nne. Wote wawili hawajui kuogelea.

— Likunje nyuma, kama la papa, alisema Kasa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Huu ni mti, Mang, alisema Wida. Tena mkavu.

— Kwani papa hakauki?

Injinia alichukua kijiko cha Ambu bila kuomba, akafungua bomba, akakisogeza mpaka mgongo wake ukagusa maji. Kijiko kikavutwa ndani ya maji.

— Mmeona? Maji yanapenda mgongo. Sasa pezi liwe bapa upande huu, tumbo upande ule. Wimbi letu hukimbilia kulia tangu enzi za babu zetu, si ndiyo? Tumbo likae kulia, ubao utavutwa wenyewe. Miguu ya Wida itakuwa pambo tu.

Wida alisita. Ambu aliona anasita, na siku nyingine angemfukuza Injinia kwa mwiko. Lakini kile kijiko kilikuwa kimeshamwingia moyoni.

— Chonga, mwanangu, alisema.

Vumbi la mbao likaanza kuruka juu ya ndizi za kukaanga.

— Atafika ufukweni kabla ya wimbi, alisema Injinia.

— Atakula wali amesimama, alisema Kasa. Ubao huo hata ukiachwa baharini utarudi nyumbani wenyewe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Na wale mabingwa wa mjini? aliuliza Ambu.

— Hao watakunywa povu lake.

Ambu akawamiminia kahawa bila kuagizwa, jambo ambalo halijatokea tangu amwoze bintiye. Wida akapitisha msasa, akalichomeka pezi kwenye mfuo wa ubao. Likakaa kama jino. Kila mtu akalipapasa.

Hapo ikasimama pikapu ya Kang Sarip, aliyekuja kumpeleka Wida mashindanoni. Akaliangalia pezi, bapa huku, tumbo huku. Akataka kujua sababu, akaelezwa, na kijiko akaonyeshwa.

— Nimeelewa. Na huko tunakokwenda, wimbi hukimbilia upande gani?

Kasa alimtazama Injinia. Injinia alitazama ndani ya kijiko.

— Wida? aliuliza Ambu.

— Nimefika mara moja tu, Bibi. Bahari ilikuwa imelala.

— Mwenda pole hajikwai, alisema Kasa, kwa sauti ndogo.

— Nyamaza, Oting.

Pezi lenye tumbo pande zote mbili lingefaa kokote. Hilo hata Ambu alilijua. Ndivyo lilivyokuwa lile lililovunjika. Lakini mti ukishapunguzwa hauongezeki. Wida alikuwa amesimama na tupa mkononi, na macho yake hayakuwa kwenye pezi tena.

Ambu aliyafuata macho hayo mpaka kwenye benchi. Akauchukua msumeno.

— Simameni.

— Tutanywea wapi kahawa, Ambu? aliuliza Kasa.

— Kahawa imekwisha. Injinia, shika ncha ile, na usinielezee kitu. Sarip, zima gari.