Bi Herieth na Masinia Mawili ya Chanika

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Afisa Lishe wetu, Bi Herieth Komba, anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Anaondoka akicheka, sisi tunaobaki ndio tunaojifuta macho.

Alianzia kliniki za watoto Kinondoni, akiwapima uzito wachanga waliomlowesha karibu kila asubuhi. Baadaye alihamia kwa wazee, na huko ndiko moyo wake ulikotulia. Alitaka kujua kama viambata vya mimea, vile vinavyoipa rozela wekundu wake na matembele ukijani wake, vinausaidia ubongo wa mtu mzima kutunza kumbukumbu. Hakumwahidi mtu dawa. Aliyemuuliza ni mboga gani inatibu kusahau, aliambiwa hilo ndilo linalotafutwa, kisha akapewa sahani.

Utafiti ulifanyika kwenye kituo chetu cha Chanika. Kundi moja la wazee liliongezewa matembele na juisi ya rozela kwenye chakula cha mchana. La pili halikuongezewa kitu. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Wakati wa kula, Mzee Mwishehe wa kundi la kwanza alimwona rafiki yake wa kundi la pili hana mboga, akamkaribisha kwenye sinia lake, na wengine wakaiga. Alipoombwa aache, alishangaa kweli: "Sie tulaje, na mwenzetu anatutazama tu?" Haikupita wiki, kituo kizima kikawa kinakunywa rozela, hakukuwa tena na makundi ya kulinganisha, na wafadhili wakatishia kuufunga mradi.

Bi Herieth hakumkemea mtu. Alianza upya kwa zamu: kundi la kwanza likishakula na kuondoka, ndipo la pili linaingia. Mzee Mwishehe na rafiki yake wakawa wanasalimiana getini tu, mwaka mzima. Walinung'unika, lakini walivumilia kwa sababu wanampenda.

Kwenye vipimo vya kumbukumbu nako kulikuwa na vituko. Bi Mauwa, mmoja wa wazee, alipotakiwa kutaja wanyama, alianza na mbuzi wa jirani, mmoja mmoja, kwa majina yao. Bi Herieth alicheka hadi saa ya kupimia muda ikamdondoka.

Mzee wa mwisho alipimwa wiki iliyopita. Matokeo bado yanachambuliwa, lakini kazi tuliyodhani imekufa imefika mwisho. Ndiyo maana leo, kwa ombi la Bi Herieth mwenyewe, chakula cha kumuaga hakina zamu.

Asante, Bi Herieth. Tunakutakia mapumziko yenye afya na vicheko. Mzee Mwishehe na rafiki yake wamekuachia nafasi katikati yao. Nawa mikono, ukale.