Makofi ya Bibi Shamba Cornelia Romani, 1955–2003

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, nanyi nyote mliopanda kutoka Mtowisa na mliokuja kwa mabasi ya Laela, familia imenituma mimi Isdori, mdogo wa marehemu, nisome maisha ya dada yangu, nami nimeonywa nisilie kabla ya kufika mwisho.

Cornelia alizaliwa Laela tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa tatu wa mzee Romani na mama Agnesi, wakulima wa mahindi na ulezi, akasoma shule ya msingi papo hapo, sekondari Sumbawanga, kisha chuo cha kilimo, na mwaka 1977 akarudi Ufipa akiwa bibi shamba, akipita kwa baiskeli na kubishana na wakulima kuhusu ulezi.

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na Cleophas, karani wa ushirika, wakajaliwa Fortunata na Steven. Biashara ya nafaka ilipofunguliwa na malori ya watu binafsi yakaanza kuingia, ushirika ulipunguza wafanyakazi, Cleophas akiwamo, naye akaanza kununua mahindi stendi ya Laela, huku akisisitiza kwamba mkewe, aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, asiiache ya uzamili.

Mwaka 1994, kwenye kongamano Mbeya, Cornelia alisimama mbele ya maprofesa kusoma utafiti wake, akachutama na kupiga makofi ya taratibu, kama binti wa Kifipa anavyowaamkia wakubwa, ukumbi ukacheka, maneno yote yakampotea, akaketi bila kusoma hata mstari mmoja. Alirudi nyumbani akasema shule basi. Cleophas alimjibu kwamba kuamkia watu si kosa, arudi, na akifika awaamkie tena.

Tarehe 21 Julai 1995, kwenye kongamano la Morogoro, aliwaamkia tena maprofesa, na kabla mtu hajacheka, msimamizi wake, Dakta Malimi, Msukuma aliyekulia bonde la Rukwa, aliinuka akaitikia kwa makofi yale yale, ukumbi ukatulia, Cornelia akaeleza ulezi wa mama zetu hadi mwisho bila kukwama. Jioni alitangazwa kuwa mwanafunzi wa uzamili aliyewasilisha vizuri kuliko wote. Watu walipiga makofi, naye akachutama kuitikia, wao wakazidi, naye hakuthubutu kuinuka wakubwa wakiwa bado wanampigia, hadi Dakta Malimi akawaomba jamani waache, magoti ya mama wa watu yataisha. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe kila Krismasi, akicheka hadi machozi, na sisi tulifurahi kwamba aibu ya Mbeya ilikuwa imekwisha.

Mwaka 2001 alianza kuumwa koo, ikagundulika ni saratani, na Januari mwaka huu sauti ikaondoka kabisa. Aliwaamkia madaktari kwa makofi, nao wakajifunza kuitikia. Alifariki akiwa usingizini tarehe 9 Juni 2003, bila maumivu, na hatuoni haya kusema kwamba, pamoja na huzuni, tumeshusha pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika tangu juzi, wenzake wa kilimo, na Dakta Malimi aliyesafiri siku mbili kufika hapa.

Familia ina ombi moja, kwamba tukifika kaburini tumpigie makofi ya taratibu, sote kwa pamoja, tena kwa muda mrefu tupendavyo, kwa kuwa safari hii hatachutama. Pumzika kwa amani, dada, tumekuitikia.