Kichwa Alichokikataa Tabibu Sankunni

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi hii ya mvua. Ni mimi Rugmini, sauti mliyoizoea redioni hapa mjini Pattambi. Leo natamani kiti hiki angekikalia mwingine.

Tabibu Sankunni amefariki dunia. Tabibu Sankunni, yule wa nyumba ya vigae nyuma ya soko la mboga, alifariki Jumatatu akiwa na miaka themanini na mmoja. Kwa miaka hamsini na mitano alitibu vichwa na mishipa ya fahamu.

Wengi wenu mmelala kwenye kitanda chake cha mbao, chungu kikining'inia juu, mafuta ya uvuguvugu yakiwashukia kwenye paji la uso. Alikuwa akisema mtu ni mti uliopinduliwa: kichwa ndicho mzizi, mikono na miguu ni matawi. "Tawi likitetemeka, mimi naenda kuuliza mzizini." Basi kabla ya mafuta alipiga soga nawe. Mvua, ng'ombe, harusi ya jirani. Tulidhani mzee anapenda umbea. Kumbe alikuwa anasikiliza ulimi, kama unakokota maneno.

Miaka tisa iliyopita nilikwenda kwake. Ulikuwa mwezi wa Karkidakam, mwezi wetu wa uji wa dawa na kupakwa mafuta. Nilikuwa nimechoka tu. Tukapiga soga. Mara akakifunika chungu.

"Mwanangu, kichwa hiki sikimwagii mafuta."

"Kwani kimekukosea nini, Tabibu?"

"Huu si ule upepo wa mwilini ninaoutibu mimi, uliopotea njia kwenye mishipa. Kuna kitu kimekaa humo. Nenda hospitali kubwa wakupige picha ya ubongo. Leo, si kesho."

Kunyimwa mafuta mwezi wa Karkidakam, tena mbele ya foleni ya wanawake wanaonijua! Nilipandwa na hasira. Kesho yake, kwenye kipaza sauti hiki hiki, nikasema: "Jamani, kuna mzee anapima ubongo kwa umbea! Akishindwa, anakusukumia hospitali!" Mlicheka. Mkapiga simu, mkaongeza chumvi. Foleni yake ikapungua mpaka benchi likabaki tupu.

Miezi miwili baadaye nilianguka humu studioni. Picha ilionyesha uvimbe unaobana mshipa wa fahamu. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, nisingeongea tena. Nilipopona niliwaambia ninyi kwamba nilikuwa na homa. Tabibu sikumtaja. Miaka tisa sikumtaja, na nikipita nyuma ya soko niliinamisha mwavuli asinione uso. Naona aibu, wasikilizaji wapendwa. Aibu kweli.

Jana nilikwenda msibani. Binti yake, Thankam, alinipa chai nyeusi. Nikamweleza yote. Akasema alikwishajua.

"Kila asubuhi alifungua redio akusikilize," akaniambia. "Mimi namwambia, Baba, mzime huyo mwanamke, hana haya! Ananijibu, nyamaza wewe, nisikie kama ulimi wake unakokota. Kipindi kikiisha anasema, 'Leo yuko salama.' Ndipo anakunywa uji."

Dada Thankam, na familia yote, poleni sana. Nilimkosea baba yenu hadharani, na hadharani naomba radhi. Alikuwa sahihi. Narudia: Tabibu Sankunni alikuwa sahihi.

Nanyi mliocheka pamoja nami, kaeni kidogo na kicheko kile. Kama kuna mtu mnayemwinamishia mwavuli, mwendeeni angali hai.

Nimesema yote haya, na ulimi wangu haukukokota hata mara moja. Lakini nyuma ya soko, asubuhi hii, redio imezimwa.