Mstari Mmoja wa Shukrani

Yapo mambo ambayo mashahidi wote wa kijiwe kile cha kahawa walikubaliana. Kwamba kompyuta mpakato ya Bi Hati, mchapaji wa barazani, iliondoka pale Jumatatu ikiwa nzito kiasi kwamba ukiiwasha asubuhi uliweza kunywa kikombe cha kwanza, ukagombana na mtu, mkapatana, ndipo ikaonesha uso. Kwamba ilirudi Jumatano jioni ikiwa inawaka kabla hujapuliza kahawa mara mbili. Kwamba uso wake, ambao zamani ulijaa vialama vya mafaili kama ukuta wa matangazo, sasa ulikuwa mweupe, una picha ya mlima na hakuna kingine, jambo ambalo wote walilichukulia kuwa dalili ya afya njema. Na kwamba Bi Hati mwenyewe, aliyekuwa amekwenda kumwuguza dada yake, angerudi Ijumaa hiyo saa nane mchana, aichapishe tasnifu yake na kuifikisha chuoni kabla ofisi haijafungwa saa kumi na moja. Akichelewa, angerudia mwaka mzima, na mmoja alikwisha kuurudia.

Kilichobishaniwa kilikuwa kimoja tu: ni nani aliyeiponya mashine hiyo. Maana Bi Hati, siku ya kuondoka, alitamka mbele ya benchi zima kwamba atakayeifanya ikimbie atamwandika katika ukurasa wa shukrani, mstari mmoja, jina kamili. Mtu ambaye jina lake halijawahi kuchapwa popote ila kwenye kitambulisho huuona mstari kama huo kuwa mnara.

Kazi ya kuamua aliichukua Rufaa, na hakuna aliyempa. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, akinakili hukumu za watu wengine, na alistaafu akiwa haamini hata moja kati ya hizo. Kwake maneno hayawi ushahidi mpaka yawe yameulizwa maswali. Ni yeye aliyeandika hati ya makabidhiano siku kompyuta ilipoondoka, vipengele kumi na kimoja: mwili wa mashine, chaja, mfuko, kifuniko chenye mkwaruzo, vibonye vyote, kile cha herufi A kikiwa kimefutika kwa kuchapwa mno. Iliporudi alivikagua kimoja kimoja, akavitilia alama, akatia saini. Alikuwa na haki ya kujivunia karatasi ile, na alijivunia.

Mashine ilikuwa juu ya kigoda katikati yao, imefunikwa kitambaa kama mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani. Rufaa alikohoa, akamtaka mdai wa kwanza aeleze.

Mdai wa kwanza alikuwa Gia, fundi wa magari, mtu ambaye hajawahi kukiogopa kitu chenye skrubu. Ni yeye aliyeibeba kompyuta hadi duka la vipuri mwisho wa mtaa.

— Mzee Rufaa, hii kesi haina hata ya kukaa chini. Laptopu ni gari. Ndani kulikuwa na diski inazunguka, na kinachozunguka kinachoka. Nikasema itolewe, iwekwe ya kisasa isiyozunguka. Na ram nikaongeza, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo maana skrubu za chini nilizifungua mimi mwenyewe.

Rufaa alimwuliza kama methali hiyo ilihusu skrubu. Gia akajibu kwamba wahenga hawakutaja kifaa kwa makusudi, ili kila fundi ajichukulie chake. Jibu hilo lilimkera Rufaa, kwa sababu hakuliona kosa lake mara moja.

Mdai wa pili alikuwa Antena, mfunga madishi ya televisheni, ambaye kwa desturi huangalia juu hata anapozungumza na mtu aliyekaa. Yeye alidai kwamba diski haikuhusika hata kidogo. Mashine ilikuwa nzito kwa sababu mawimbi ya madishi yote ya mtaa yalikuwa yakishuka na kulala ndani yake, na yeye ndiye aliyeizungushia karatasi ya fedha ya kufungia vyakula, usiku wa kuamkia Jumatatu, bila kumwambia mtu.

— Uliyaona hayo mawimbi yakitoka, au uliambiwa?

— Mzee wangu, mawimbi hayaonekani. Ndiyo ushahidi wenyewe huo. Ungeyaona, yasingekuwa mawimbi.

Wa tatu hakuwa amekaa kwenye benchi. Mama Birika, mwenye jiko na kahawa, alidai akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni. Alisema miaka sita mashine ile imekuwa ikichapa malalamiko ya watu tu: fulani kadhulumiwa uwanja, fulani kaachwa, fulani kasimamishwa kazi. Hata mtu mzima ukimshindilia huzuni za mtaa mzima atakuwa mzito. Siku mbili za kabla ya Jumatatu, alizokaa nayo nyuma ya jiko, hakumruhusu mtu kuigusa wala kulia karibu yake. Ilichopata ni mapumziko.

Neno hilo lilikuwa na harufu ya ukweli. Hata tasnifu yenyewe ilihusu jambo hilo: namna ukali wa malalamiko unavyopungua yakipita mikononi mwa mchapaji. Bi Hati aliiandika miaka miwili, mistari michache kila mteja anapoondoka.

Gia aliona mstari wake unamponyoka, akapandisha dau. Akasema ram aliyoweka ni moja tu kwa huruma, kwa kuwa Bi Hati ni mtu wa makamo. Zikiwa mbili, mashine humaliza sentensi kabla hujaifikiria. Anamjua jamaa aliyeweka nne, na sasa kompyuta yake hufungwa kwa mkanda kwenye meza. Antena akajibu kwamba mkanda ule aliufunga yeye. Mama Birika akasema haraka haraka haina baraka, kisha akakumbuka kwamba anadai sifa ya kuiharakisha, akajisahihisha kwamba methali hiyo ni ya watu, si ya mashine.

Rufaa aliandika yote hayo. Moyoni alikuwa ameelemea upande wa Gia, na hilo lilimsumbua: mtu anayesema ovyo kuliko wote ndiye aliyeelekea kuwa na hoja. Alikuwa akitafuta namna ya kulitamka hilo bila kumpa Gia furaha ilipowadia saa saba na nusu, akafika mtu asiyejulikana pale. Alikuwa mfunga vitabu, kashika vipande vya jalada gumu, kitambaa cheusi, rula ya chuma na kopo la gundi. Aliamkia, akasema ametumwa na Bi Hati atangulie kupima.

Mama Birika alimkaribisha kwa kikombe.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Asante mama. Wazee wangu, sitawachelewesha. Nauliza tu, kitabu chenyewe kina kurasa ngapi? Nataka nikate mgongo wa jalada.

Hakuna aliyejua. Lakini hakuna aliyeona tatizo pia, kwa kuwa mashine ilikuwapo, tena yenye kasi. Rufaa mwenyewe alikiondoa kitambaa, akaiwasha. Ikawaka kwa pumzi moja, na Gia akatazama huku na huku kama baba wa bwana harusi. Wakatafuta tasnifu. Walifungua kabrasha la nyaraka humo ndani, wakakuta tupu. La picha, tupu. Wakatafuta barua za wateja, malalamiko ya miaka sita, hata orodha ya nauli ambayo Bi Hati alizoea kuiweka pembeni. Kulikuwa na mlima tu.

— Labda iko ndani zaidi, alisema Antena kwa sauti ya chini.

Rufaa aliichukua hati yake ya makabidhiano, akaisoma upya kuanzia kipengele cha kwanza hadi cha kumi na moja. Kila kitu kilikuwa kimerudi. Ila hakuna mahali alipoandika kilichokuwa ndani.

— Gia, alisema, akichagua kila neno. Ile diski iliyotoka. Iko wapi?

Gia alianza kujipangusa mikono kwenye suruali, na mtu anayemjua Gia angejua hapo hapo. Ikabidi aeleze. Katika gereji, kifaa chakavu hakirudi kwa mteja. Ukipeleka betri iliyokufa unapunguziwa kwenye mpya. Mwenye duka alimwuliza kama ya zamani anaihitaji, naye akamwuliza kama kuna mtu anayerudi nyumbani na breki zilizolika. Akaiacha dukani. Ndiyo iliyompunguzia bei ya ile ram.

— Kipya kinyemi, aliongeza, ingawa…

Hakuimalizia.

Mfunga vitabu aliuliza kama hakuna nakala kwenye flashi. Ilikuwapo, alisema Mama Birika, mpaka wiki mbili zilizopita ilipofuliwa ndani ya mfuko wa sketi.

Kilichofuata Rufaa hakuwahi kukiona mahakamani kikitokea kwa kasi hiyo. Mstari uliogombewa tangu asubuhi ukageuka kaa la moto. Gia alikumbuka kwamba, kwa kweli, yeye aliibeba tu, na kubeba si kutengeneza. Akakumbuka pia kwamba Antena ndiye aliyesema asubuhi ile diski haikuhusika hata kidogo, na shahidi hawezi kuyala maneno yake. Antena akajibu kwamba karatasi ya fedha aliifunga kwa dakika chache tu na pengine haikuwa ya fedha. Mama Birika alisema ataulizwa kuhusu kahawa, si kompyuta. Kisha wote watatu wakamgeukia aliyeipokea, akaikagua na kutia saini.

— Sahihi yako hii, mzee, alisema Gia, tena kwa heshima.

Bi Hati alitokea kwenye kona saa nane kasoro dakika tano, begi begani, akitabasamu kwa mbali. Hakuna aliyemlaki. Rufaa alisimama, kwa kuwa aliona ni afadhali aseme yeye kuliko kusemewa.

— Dada, mashine yako ni nzima na inakimbia. Ila haina kitu.

— Haina kitu gani?

— Haina kitu chochote.

Akamweleza yote kwa mpangilio, bila kupamba na bila kujiondoa. Bi Hati aliweka begi chini. Akatazama ule mlima kwa muda, akausogeza mshale taratibu kutoka pembe moja ya kioo hadi nyingine, kama anayepapasa kitanda cha mtoto.

— Nilisema ikimbie, alisema. Sikusema ikimbie na vitu vyangu.

Hakulia. Aliuliza duka liko wapi, akamwambia Gia atangulie, na wengine wote wafuate, midomo yao waiache benchini.

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Alitoa boksi la diski chakavu, hamsini na nane, zote za rangi moja, hazina majina. Aliapa kwamba hajafuta hata moja, na akawapa waya wa kuziunganishia. Rufaa alipiga hesabu kimoyomoyo. Kwa mashine ile ya zamani, kila diski ingechukua robo saa kusomeka na ofisi ya chuo ingefungwa wakiwa kwenye ya kumi. Kwa hii mpya, ilikuwa dakika moja na nusu. Aliiona tofauti hiyo, akaamua kutoitaja, kwa sababu Gia alikuwa karibu.

Walizipima moja moja. Gia aliunganisha, Bi Hati akaangalia, Antena akahesabu, Rufaa akaandika, Mama Birika akapitisha kahawa. Antena aliweka moja sikioni akasema anasikia malalamiko ndani yake. Ikawa na picha za harusi ya watu wasiowajua. Kwenye ya thelathini kahawa iliisha. Ya arubaini na moja ilipofunguka, Bi Hati aliitazama bila kupepesa, kisha akaweka kiganja juu ya mdomo wake. Mfunga vitabu alisogea akasoma pembeni.

— Kurasa mia moja tisini na sita, alisema, akatoa rula.

Kabla gundi haijafunguliwa, pumzi za watu zilikwisha kurudi, na maneno nayo. Gia alinong'ona kwamba asingekumbuka duka, wangekuwa wapi. Antena akasema hesabu ilikuwa yake. Mama Birika akauliza nani aliyewaweka macho.

Bi Hati alikuwa ameufungua ukurasa wa shukrani. Msimamizi wake alikuwapo, dada yake alikuwapo, na chini kabisa nukta zilizosubiri jina.

— Nimeahidi mbele ya watu, alisema, na ahadi ni deni. Mzee Rufaa, wewe ndiye unayepima. Nitajie jina moja, niprinti hapa hapa kwa mwenye duka.

Rufaa aliyafungua maandishi yake. Yupo aliyeifanya mashine iwe na kasi, na ndiye huyo huyo aliyeitoa tasnifu kama breki zilizolika. Yupo ambaye hakufanya lolote ila kusema, na yupo aliyesema neno moja la kweli katikati ya upuuzi. Yupo mgeni asiyejua chochote, aliyeuliza kurasa ngapi. Na yupo mzee aliyehesabu vibonye vyote asikose hata kimoja. Ilikuwa saa tisa na dakika arubaini, chuo ni mwendo wa nusu saa, na gundi haipendi kusubiri. Ushahidi wote umeusikia, msikilizaji, na wewe huna jina la kutetea. Ungemwambia aandike nani?