Mwalimu Night Poni, Aliyetaka Wapishi Waketi

Baba Paroko, wazee wa ukoo, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani, na ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Sudan Kusini na Kongo kuja hapa Koboko, mimi ni Sunday Soka, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, Mwalimu Margarita Night Poni, lakini kabla sijaanza naomba mwanamke yeyote aliyebaki nyuma ya nyumba kwenye moto aje aketi hapa mbele, kwa sababu marehemu aliniagiza nisisome hata neno moja mpaka wanawake wote wameketi, na ninyi mliomfahamu mnajua kwamba hata ndani ya sanduku anaweza kunikatiza. Mama Concy, weka huo mwiko chini, tunakuona. Asante.

Dada yetu alizaliwa Oli, Arua, tarehe 9 Septemba 1963, mtoto wa pili wa marehemu Sajini Kornelio Soka na marehemu Mama Natalina, na kwa kuwa alikuja usiku wakamwita Night, jina ambalo mwenyewe alisema halimfai, kwani siku zote alilala mapema na kuamka kabla ya kila mtu, na sisi tuliolala naye chumba kimoja tuliamshwa tupende tusipende.

Shule ya msingi aliisoma hapo Arua kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akaingia sekondari mwaka 1977, na alikuwa kidato cha tatu vita vilipotufukuza mwaka 1979, tukavuka mpaka na kuishi karibu na Yei hadi mwaka 1986, na huko kambini msichana huyu wa miaka kumi na sita akapewa sufuria ya kupikia watu wengi wasiojuana, akajifunza kufanya maharagwe machache yawatoshe wote bila kugeuka maji matupu. Kazi ile haikumpa cheti, ila sisi tuliokula tuko hapa, tuko hai. Tuliporudi nyumbani alivaa tena sare ya shule akiwa na miaka ishirini na mitatu, akakaa dawati moja na watoto, hakuona haya, akamaliza, akaenda chuo cha walimu Kampala, na mwaka 1991 akahitimu kuwa mwalimu wa upishi, ushonaji na utunzaji wa nyumba.

Alianza kufundisha sekondari hapa Koboko mwezi wa Februari mwaka 1992, akakuta chumba kisicho na jiko, akadai majiko, na shule ikamleta fundi mwashi kijana anayeitwa Yengi, ambaye aliyajenga majiko yale polepole kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya, mpaka mwalimu mkuu akauliza kama anajenga kanisa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Betty, Laku na Scovia, na shemeji yangu Yengi, umekaa hapa leo umeinamisha kichwa, nataka ujue kwamba upande wetu hatukuwahi kujutia siku ile.

Katika darasa lake kulikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kwa ajili ya mtu yeyote, hata mkaguzi wa serikali, nayo ni kwamba aliyepika naye aketi. Chakula kikiiva, hakuna aliyekula amesimama mlangoni wala kulamba mwiko jikoni, sufuria zilioshwa, meza ikatandikwa, na wapishi wakaketi pamoja na wageni na kula sahani ileile, na mwanafunzi aliyezoea kwao kula makombo baada ya baba na kaka zake alikuwa anakaa pale mezani hajui aweke mikono wapi, na Mwalimu alikuwa anamsubiri bila kumharakisha.

Mwaka 1998 aliamua kwamba wavulana nao wasome upishi, na hapo ndipo moto ulipowaka. Mkutano wa wazazi uliitishwa, na kama ungekataa darasa lingefungwa na chumba kingekuwa stoo ya saruji, na aliyesimama wa kwanza kupinga alikuwa kaka mkubwa wa mume wake, shemeji yetu Mzee Lodu, askari mstaafu, mtu wa sauti, akasema, “Mimi hapana kula chakula ya mtoto mwanaume. Kama hii mambo iko, funga hiyo darasa leo.” Watu walipiga makofi. Dada yangu akainuka, akapiga goti kidogo kwa heshima kama mke wa ukoo, akauliza, “Shemeji, kule kambi ya jeshi, nani ilikuwa napika?” Kabla Mzee Lodu hajafungua kinywa, askari mwenzake mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, “Si ni wewe, Lodu! Posho yako, ile ugali, tunakula miaka mingi!” Mama Concy, mke wake, ambaye tangu aolewe alikuwa ameambiwa kwamba mzee hajui hata kuwasha moto, alimgeukia na kumtazama kwa namna ambayo wazazi wote waliiona, na kicheko kilichofuata ndicho kilichopitisha jambo lile.

Wavulana wakaingia darasani. Mwaka 2006 Mwalimu alihamishiwa Arua, upande wa Ombaci, akafundisha huko hadi alipostaafu Septemba 2023, na miaka ile walipomjia vijana wa Sudan Kusini waliofika bila mama wala dada, aliwafundisha kwanza kuwasha mkaa, kisha kupika, kisha kushona kifungo, na mmoja wao, Lukudu, leo ana hoteli yake ya chakula pale Oli, na amekuja na sufuria zake zote. Najivuna, ndugu zangu, na sioni sababu ya kuficha.

Sasa nieleze kwa nini wanawake mmeketi mbele. Mama yetu Natalina alipofariki mwaka 2001, dada yangu alikuwa nyuma ya nyumba kwenye moto, kama ilivyo desturi yetu, anapikia waombolezaji, na mjomba aliposimama kusoma maisha ya mama, binti yake alisikia sauti tu, hakusikia maneno. Jioni aliwauliza wanawake wenzake mama alisemwa nini, na kila mmoja alikuwa motoni kama yeye, akawauliza wanaume, nao wakamjibu, “Ilisomwa muzuri tu.” Hilo ndilo alilobaki nalo kuhusu mama yake, na lilimuuma mpaka mwisho.

Ugonjwa ulimwanza Agosti 2024, ukagunduliwa kuwa saratani ya tumbo, na mtu aliyefundisha nusu ya wilaya kula vizuri akawa hawezi kumeza uji, jambo ambalo sisi nduguze tumelia kwa ajili yake na bado tunalia. Mwezi uliopita alituita kitandani, Yengi, Mzee Lodu na mimi, akasema siku yake wanawake waketi wasikie, wanaume wapike. Mzee Lodu akasema hilo halijawahi kufanyika katika ukoo, watu watatucheka, hakuna atakayekubali kupika, naye dada alimtazama tu, na mzee akaondoka bila kuaga. Ijumaa tarehe 6 Juni 2025 saa nne asubuhi alituacha, na hatukujua kama ombi lake litatimizwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Arua waliompunguzia maumivu, majirani wa Oli, alikouguzwa, waliomfulia, walimu wenzake waliokuja kila Jumapili, Baba Paroko, na wote mliochanga kuni na unga. Na ninyi mnaouliza kwa nini kiti cha Mzee Lodu kiko wazi hapa mbele, tazameni nyuma ya nyumba, pale kwenye sufuria kubwa, kati ya kijana wetu Laku na Lukudu, huyo aliyevaa aproni ya bluu ya Mwalimu ndiye yeye. Alifika alfajiri kabla ya sisi sote, na nilipomwambia atakosa historia akasema, “Mimi nasikia hii mambo ya mazishi mingi sana. Leo Mama Concy isikie.”

Mama Concy, umesikia. Betty, Scovia, mmesikia kila neno juu ya mama yenu. Chakula kikiiva, wapishi watakuja kuketi nasi, na hakuna atakayeonja kabla yao.

Na wewe, dada, umepika tangu Yei, umetulisha sote. Keti sasa. Pumzika.